Marehemu wa Ghalani

Katika ghala la saruji alikofanya kazi baba yangu, watu walikufa kila siku. Kuli akiketi juu ya mifuko kabla lori halijajaa, wenzake walivua kofia, wakamzunguka, na baba akasoma wasifu: "Marehemu alikuwa mtu wa watu. Ameacha mke, watoto, na mifuko mia mbili." Marehemu alicheka mpaka akainuka mwenyewe. "Kafufuka!" wakapiga kelele, na kazi ikaendelea.

Baba walimwita Winchi, kwa miaka ishirini na miwili ya kubeba kilo hamsini begani. Hakumwita kila mtu marehemu, alichagua. Yule wasiyempenda walimwacha akae apendavyo, wakamsalimia kwa adabu zote. Hata nyumbani, nikirudi na kujibwaga kwenye kiti na viatu vyangu, baba aliniambia, "We marehemu, amka ule."

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya juu ya ghala hilohilo. Huko juu nako tulitaniana, ila kwa sauti ya chini. Mhasibu alikuwa na utani mmoja tu, na aliutoa kila wingu lilipotanda: "Karani, mwambie mzee wako akimbie. Mvua ikimkuta na hiyo saruji, ataganda." Nilicheka kila mara, tena nilicheka vizuri.

Mwaka ule goti la baba lilikuwa limekwisha. Nafasi ya msimamizi wa ghala ilikuwa wazi, kazi ya kuketi mlangoni na daftari, na bila hiyo sikuona angefikaje mwaka unaofuata. Meneja aliniambia nafasi ni ya Winchi. Alisema hivyo siku moja kabla ya kwenda kupasuliwa moyo; akirudi angetia saini.

Alirudi baada ya miezi miwili, amekonda, shati linampwaya. Tulishuka wote ghalani kumpokea. Akapita akitoa mkono kwa mmoja mmoja. Alipofika kwa baba, baba aliushika kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga.

"Marehemu! Umefufuka? Haya, lori lipo mlangoni!"

Makuli wakaangua kicheko. Sisi wa juu tukamtazama meneja. Meneja akauvuta mkono wake, akanigeukia mimi.

"Karani, baba yako ana maana gani?"

Nilijua. Ningeweza kumwambia kwamba mhasibu hajawahi kuitwa hivyo na hataitwa kamwe, kwamba yeye bosi ameambiwa ni mwenzao, na kwamba walihofia hatarudi tena. Maneno machache tu yangetosha. Lakini mhasibu alikuwa ananitazama, nami nikaona aibu kwa ajili ya baba yangu.

"Sijui, bosi," nikasema. "Labda hakufikiri."

Nafasi akapewa binamu wa mhasibu. Barua ya onyo ya baba niliipiga chapa mimi, kwa vidole hivi hivi: "lugha isiyofaa mahali pa kazi." Mhasibu alisahihisha koma moja, kisha akachungulia dirishani. Wingu lilikuwa limetanda. Akautoa ule utani wake, ofisi nzima ikacheka. Mkuki kwa nguruwe. Nami nikacheka.

Nyumbani baba aliisoma barua mara mbili, mguu wake ameuweka juu ya stuli.

"Umeichapa wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Imenyooka."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Kesho yake alibeba mifuko kama kawaida, na jioni mimi nilirudi, nikajibwaga kwenye kiti na viatu vyangu, nikafumba macho makusudi, nikangoja. Nilimsikia akija akiburuta mguu. Akasimama mbele yangu.

"Samahani, mheshimiwa karani," akasema taratibu. "Chakula kiko tayari."