Kuku wa Msamaha

Watu wakiniona na magongo, swali lao la kwanza ni, "Ilikuwa bodaboda?" Nawajibu hapana, ilikuwa Fuso. Wanatikisa kichwa, wananipa pole, halafu linakuja la pili: "Na walikulipa?" Hapo ndipo hasira inaponipanda. Ninawajibu kwamba baba yangu alilipwa kuku. Wanacheka, wanadhani ni utani.

Nilikuwa mkulima, tena si wa kubahatisha. Kwetu ni upande wa Mpepai, huko Mbinga, mlimani, ambako shamba limesimama kama ukuta na watu tunalima ngolo. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba, mwanamke anachimba udongo katikati ya mraba na kuzifunika, mpaka linabaki shimo la kushika maji ya mvua. Kazi hiyo ni ya miguu. Mmoja unaukunja huku juu, mwingine unakuzuia huku chini usiporomoke bondeni. Mume wangu alikwisha fariki, kwa hiyo nyasi nilizifyeka mwenyewe na udongo nilichimba mwenyewe. Watoto wangu walikula mahindi na maharage ya ngolo hizo, na kahawa kidogo niliyonayo ilikuwa ya shule yao.

Siku ya ajali tulikuwa Tingi, kwenye njia ya kuteremka ziwani, mimi na baba, kwenye msiba wa shangazi. Tulipomaliza kuzika tukasimama kando ya barabara kungoja usafiri wa kurudi Mbinga. Tangu lami ifike, magari yanayopanda kutoka ziwani yanakimbia utadhani yanafukuzwa. Mimi nilikuwa nimeinama, nimeipa barabara mgongo, nafunga mihogo tuliyopewa na wafiwa. Nilisikia baba ananiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, basi, sikumbuki tena. Yeye aliona yote. Fuso limejaa magunia ya usipa, wale dagaa wa ziwani, dereva kashika simu sikioni, kona imemshinda, ameingia upande wetu mpaka nje ya lami. Aliwaambia polisi hivyo hivyo siku ile ile. Na mimi alinisimulia hivyo hivyo hospitalini, amekaa pembeni ya kitanda analia, wakati mguu wangu wa kulia umekwisha kukatwa juu ya goti.

Nikiwa bado wodini, ndugu wa dereva walipanda kutoka ziwani wakaja nyumbani kwetu. Walileta jogoo, unga wa muhogo na furushi la usipa. Mama yake dereva alikataa kiti, akakaa chini, akalia. Mjomba wake ndiye aliyesema: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Jamani! Yaliyopita si ndwele, na kidonda changu bado kinatoa usaha!

Kwetu mtu akikujia hivyo, ukamchinja kuku aliyekuletea na mkala pamoja, neno hilo limekufa. Hulipeleki tena kwa mwenyekiti wa kijiji wala kwa serikali. Ukilifufua, unaonekana umetapika chakula mbele za watu. Baba alimchinja yule jogoo na wakala, yeye na watu wa ziwani, kwenye sahani moja. Paja aliliweka kando, akaniletea hospitalini kwenye hotipoti. Nilikuwa na njaa, nikalila mpaka nikatafuna mfupa, sikuuliza kuku katoka wapi. Aliponiambia, niliisukuma ile hotipoti mbali.

"Na wewe umekula, mama," alisema kwa upole. Ananiita mama tangu nilipokuwa mdogo. "Tumshukuru Mungu, tumalize."

"Mimi sijamaliza, baba. Mimi ndiyo kwanza naanza."

Nilipopata nguvu ya kutembelea magongo, jirani alinipeleka Mbinga mjini kwa dada mmoja anayesaidia watu mambo ya sheria bila malipo. Alikuwa mwenyeji wa Tanga, mwenye Kiswahili laini cha kwao, kila neno anakubembeleza nalo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Lile Fuso lilikuwa na bima, na bima hailipi kwa kuona huruma, inalipa kwa ushahidi. Polisi walikwisha mshitaki dereva kwa uzembe. Mahakama ikisema alikosa, atatozwa faini, na hukumu ile ndiyo tutakayoipeleka kwa watu wa bima. Bila hiyo watatuzungusha mpaka tuzeeke.

Halafu akanionyesha kwenye simu yake picha ya mguu wa bandia wenye goti linalokunjika. Si ule wa mti mnyoofu niliouona kwa mzee mmoja sokoni. Nikamuuliza kama huo unapanda mlima.

"Ukijifunza, unapanda," alisema.

Loo, niliitazama picha ile mpaka simu ikazima mwanga. Sikutaka utajiri mimi. Nilitaka ule mguu, nirudi kwenye ngolo zangu, niache kuletewa bakuli za unga na majirani wanaoangalia pembeni wakati wa kunikabidhi.

"Shahidi wetu ni nani?" aliuliza.

"Baba yangu. Aliona kila kitu."

"Basi tumeshapata, dada'angu. Mzazi hamwangushi mwanawe."

Hakutujua bado.

Nilimweleza baba habari ya bima, si mara moja. Nilimweleza akila, nilimweleza akichambua kahawa, nilimweleza tukitoka kwenye sala za jumuiya. Yeye aliposikia "mahakama" alimwona yule kijana yuko jela, na mama yake anauza nyumba.

"Yule mama ni maskini kuliko sisi," alisema. "Atatoa wapi?"

"Hatoi yeye, baba. Inatoa kampuni."

"Kampuni ya wapi?"

"Ya Dar es Salaam huko."

Akacheka kidogo, cheko la kumhurumia mtoto. "Watu wa Dar es Salaam hawajanikosea kitu. Hata jina langu hawalijui. Watanilipaje kosa ambalo si lao?" Ukilifikiria kwa akili ya mtu ambaye maisha yake yote aliyemkosea anamjua, na nyumba yake anaijua, utaona hakuwa mjinga. Lakini sikuogopa. Nilijua baba hajawahi kusema uongo. Huyu ni mtu anayerudi dukani kurudisha chenji iliyozidi. Nikasema moyoni, apende asipende, akishaapa atasema alichokiona.

Kesi ilisikilizwa kule chini, ziwani, kwa kuwa ajali ilitokea upande wao. Tuliteremka na basi la asubuhi. Mahakamani nilimwona dereva kwa mara ya kwanza: kijana mwembamba, kavaa koti la mtu mwingine, mikono imepotelea ndani. Mama yake alikuwa kwenye benchi. Alisogea ili nipate pa kuegemeza magongo, akanisalimia, nami nikaitikia kwa sababu nimelelewa. Nilipoitwa nilieleza nilichokijua, ambacho ni kidogo. Niligongwa nikiwa nimeinama. Kisha akaitwa baba. Akainua Biblia, akaapa.

"Mzee, siku hiyo uliona nini?" mwendesha mashitaka alimuuliza.

Baba alimtazama yule mama, akatazama chini.

"Sikuona."

"Hukuona gari?"

"Niliona lilipokwisha simama."

"Polisi uliwaambia dereva alikuwa anaongea na simu, na aliingia upande wenu."

"Nilikuwa na uchungu, mheshimiwa. Mtu mwenye uchungu husema mengi."

Dada wa Tanga alinishika mkono. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kusimama nikayasahau magongo nikaanguka mbele ya hakimu, labda wangeona. Hata nauli ya kuja kumsikia ananiuza nilimlipia mimi!

Siku ya hukumu tulirudi tena, tukasikia kwamba ushahidi hautoshi na mshitakiwa yuko huru. Mama yake akapiga magoti mlangoni mbele ya baba, akamshika mikono, akamwombea maisha marefu. Baba alimwinua. Nilimwona uso wake, na sitasema uongo, ulikuwa uso wa mtu aliyetimiza ahadi ngumu. Alikuwa ameridhika.

Tulikwenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta, ziwa liko mbele yetu limetulia, wanawake wanaanika usipa kwenye vichanja. Dada wa Tanga alikuja akainama mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, yule kijana asingefungwa. Angetozwa faini, na mwenye Fuso alikwisha kubali kumlipia. Aliniambia mwenyewe leo asubuhi, pale nje."

"Na fidia ya mwanangu?"

"Bima."

"Yule mama asingetoa?"

"Hata senti."

"Wala ndugu zake?"

"Hakuna mtu wa ziwani ambaye angetoa kitu, mzee wangu. Hakuna."

Kumbe mimi kumweleza mwaka mzima ilikuwa kelele, na mgeni kumweleza mara moja ndiyo ikawa habari. Baba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mwisho akauliza, bila kumtazama mtu, "Basi mimi nimemsamehe nani?"

Yule dada akaanza kulia yeye. Baba akasimama, akarudi ndani ya mahakama, nami nikamfuata kwa magongo yangu. Nilimkuta mlangoni na askari. "Nilisema uongo," alikuwa anamwambia. "Mwambie hakimu. Nifungeni, halafu muandike upya." Kesi nyingine ilikwisha anza. Askari hakuwa mtu mbaya, alimpigapiga begani, akamwambia, "Yenu imekwisha, mzee. Nendeni nyumbani mkapumzike."

Dada wa Tanga alijaribu bado. Alikwenda kwa watu wa bima, wakamjibu kwamba dereva wao hakukosa, mahakama imesema. Tukiwashitaki kwa madai, alinieleza, shahidi wetu ni yule yule mzee aliyekula kiapo kwamba hakuona, na wakili wao atamtafuna kama muwa. Aliniambia ukweli huo huku ameshika goti langu lililobaki. Sikumlaumu. Picha ya ule mguu sikumwomba tena anionyeshe.

Baba aliacha kula vizuri. Jumamosi moja aliamka mapema akaenda Kigonsera, misheni alikosoma utotoni, maana kwa padri wetu wa hapa aliona haya. Alirudi jioni, viatu vimejaa vumbi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napukuchua maharage niliyopewa na jirani. Akasimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Nimeungama, mama," alisema. "Nimeeleza yote, kiapo na kila kitu. Padri ameniondolea."

Akangoja. Alikuwa anataka neno moja tu kutoka kwangu, na nilijua ni neno gani, maana ni yeye aliyetufundisha kulisema tangu tukiwa wadogo.

"Padri ana miguu yake miwili, baba," nikamwambia. "Kwake ni rahisi."