Uso Uliotiwa Ndani ya Shiraa

Siku ya kwanza kazini nilipewa mkasi na kuonywa nisivute tumbako, kwani mkanda wa sinema wa wakati ule ulishika moto upesi. Mkuu wa Picha, mgeni kutoka Bombay, alipanga nyumba hapa Amu, kisiwani Lamu, apige filamu ndefu ya mapenzi. Kazi yangu ilikuwa kukwangua ncha za mkanda ili gundi ishike.

Mwanzoni tuliunga vipande vya mkanda kwa mkono. Viungo vilifumuka ndani ya mashine, kwa hiyo Mkuu aliviepuka: mtu akianza kutembea, tulimfuata kwa kamera bila kukata mpaka atokomee. Hivyo ndivyo tulivyompiga picha shangazi yangu, Bi Zena, akipita mtaani chini ya shiraa, hema la kitambaa lililowasitiri wanawake wa kiungwana njiani. Alikubali kwa kuwa hakitaonekana hata kidole.

Kisha meli ikaleta kibano cha chuma chenye vijino vya kuingia katika matundu ya mkanda. Viungo vikawa madhubuti, na Mkuu akalewa mkasi. Aliukata mwendo wa shiraa katikati, akapachika uso wa mwigizaji wa kike uliopigwa picha Bombay, ukimtabasamia kijana wa filamu.

"Bwana Mkuu, hapa watu watasema ni Bi Zena."

"Bila uso ni kitambaa kinachotembea tu," akajibu. "Sasa ni hadithi."

Wanaume wa mji waliitazama filamu ndani ya ghala lililozibwa madirisha. Kesho yake Bwana Athmani, ambaye mwanawe alimposa binti wa Bi Zena, akatuma watu kuvunja posa. Nilimwomba aje kazini, nikauinua mkanda dirishani.

"Tazama, Bwana. Hii ni gundi. Uso huu haukufika Amu kabisa."

Akapitisha ukucha juu ya kiungo. "Naona," akasema. "Lakini yana ghalani niliona mato, macho ya mwanamke, yakitoka shiraani. Na mui mzima umeona, kila mtu."

Posa haikurudi. Nilimchukia Mkuu, na kazi yake niliendelea kuifanya.

Baadaye, mpaka nilipostaafu, vipande vilizidi kuwa vifupi na nyuso kuwa nyingi. Wanagenzi huniuliza kiungo bora ni kipi. Nawaambia ni kile ambacho mtazamaji hakijui.

Bi Zena nilimweleza yote, gundi na kibano. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Na uso huo, mwanangu, ni mzuri? Mui mzima wauyua, kila mtu kauona, illa mimi."