Rangi Chini ya Boneti

Pale karakana walimwita Taratibu, na fundi umeme huyo hakuwa na nguvu ya kulikataa jina. Alikuwa mtu wa kuukagua waya kabla ya kuukata na kuukagua tena baada ya kuukata, tabia iliyowaudhi wenye magari wote wenye haraka zao. Siku hizi utaratibu wake ulikuwa umeongezewa uchovu. Miaka ya kulala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango na shingo imepinda, ilikuwa imemwachia mgongo uliomnung'unikia hata akiokota bisibisi. Usingizi nao ulikuwa umemsusa. Aliamka amechoka kama mtu anayetoka kazini, kisha akaenda kazini.

Ijumaa moja jioni, wakati tayari ameanza kunawa mikono kwa mafuta ya taa, shemeji yake aliingia na gari linalotoa mvuke mbele. Shemeji huyo alikuwa mjane wa kaka yake mkubwa, na gari lile ndilo lililokuwa shamba lake na duka lake: asubuhi alibeba watoto kuwapeleka shule, jioni akawarudisha kwao.

"Shemeji, nimekuletea mgonjwa," alisema, akishuka na chupa ya maji mkononi. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na chupa nyingine nyingi.

"Limechemsha tena?"

"Pale kwenye foleni, watoto ndani. Mwenye shule akaniita ofisini. Hata sauti hakupaza, na hapo ndipo nilipoogopa. Kasema likichemsha mara nyingine na watoto wake ndani, anatafuta gari lingine."

Taratibu aliuacha mkono mmoja na mafuta yake, akafungua boneti. Aliisukuma feni ya rejeta kwa kidole. Ikazunguka bila kukwama. Akaiunganisha moja kwa moja na betri kwa nyaya mbili, ikavuma.

"Feni nzima," alisema. "Iliyokufa ni sensa, kile kidude kinachoiambia feni kwamba maji yamepata moto. Na ya gari hili haipatikani. Nilishaagiza kote, wananiletea za magari mengine."

"Sasa?"

"Nitakuwekea swichi ya mkono. Utaangalia geji ya joto. Mshale ukifika katikati, unawasha feni mwenyewe."

"Yaani mimi ndiyo niwe sensa?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi na mimi nitafutie spea," alisema shemeji, "maana nimeshachakaa." Akakaa juu ya tairi kuukuu, akavua viatu, akafumba macho papo hapo.

Kazi yenyewe Taratibu angeweza kuifanya amelala, na karibu aifanye hivyo. Kutoka kwenye betri alivuta waya mnene, akauwekea fyuzi karibu kabisa na chanzo chake, akaupitisha kwenye relei, yaani kile kiboksi kinachobeba mzigo wa umeme ili swichi isiungue. Swichi aliiweka kushoto kwa usukani, pale mkono wa shemeji ungeifikia bila kutafuta, na ilikuwa na kitaa chake cha kijani cha kuonyesha kwamba imewashwa. Nyaya alizifunga tepu polepole, mzunguko juu ya mzunguko.

Fundi wa matairi, jirani yake, alikuwa anafunga mlango wa chumba chake. "Taratibu," aliita, "hizo nyaya unazifunga au unazisuka? Mwenye gari ameshalala, akiamka atakuta mvi."

"Wewe nenda kajaze upepo."

"Upepo nimemaliza. Wewe ndiyo umeishiwa."

Alisema kweli. Ulibaki waya mmoja tu, mweusi, ule unaotoka kwenye feni na kuurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Waya huo hukazwa kwa bolti kwenye chuma kitupu. Kila fundi anajua kwamba unakwangua rangi kwanza, mpaka chuma king'ae, kwa sababu umeme haupiti kwenye rangi.

Lakini gari lile lilikuwa limepigwa rangi na kaka yake. Kaka mtu alikuwa mpiga rangi wa magari, na gari la mkewe alilipiga mwaka wake wa mwisho, wakati kikohozi kimeshaanza kumkalisha chini kila baada ya muda mfupi. Rangi ya damu ya mzee, aliyoichanganya mwenyewe. Wapiga rangi wengine huishia pale macho ya mteja yanapoishia. Yeye alipiga mpaka chini ya boneti, akapita kwenye pembe na mikunjo, juu ya kila bolti, tabaka baada ya tabaka. Taratibu alimkumbuka ameinama papo hapo, kitambaa kimefunga pua, akisema, "Hapa hakuna atakayepaona. Ila mimi nitajua."

Alishika bisibisi bapa juu ya rangi ile. Ilikuwa laini, bado inang'aa chini ya vumbi. Akairudisha bisibisi mfukoni. Alitafuta bolti iliyokuwepo, akailegeza kidogo, akaupachika waya mweusi chini ya kichwa chake, akakaza kwa nguvu. Nyuzi za bolti zitagusa chuma huko ndani, alijiambia. Zitatosha.

Alimwamsha shemeji, akawasha gari, akabonyeza swichi. Kitaa cha kijani kikawaka, feni ikavuma, na baada ya muda mshale ukashuka. Kwa kawaida hakuachia gari kabla ya kushika kila kiungo kwa vidole, maana kiungo kibovu hupata joto. Alivishika vyote. Kile cha waya mweusi kilikuwa na joto kidogo. Ni joto la injini, aliamua, na akafunga boneti kwa sababu alitaka sana kwenda kulala.

"Mungu akubariki, shemeji," mjane alisema.

Wikiendi nzima hakulala vizuri hata hivyo. Vidole vyake vilikuwa vinaukumbuka ule uvuguvugu.

Jumatatu asubuhi alikuwa anakunywa chai amesimama, simu ikaita.

"Shemeji, kitaa kinawaka, lakini mshale unapanda." Sauti ya shemeji ilikuwa ndogo, kama mtu anayeongea kwenye chumba cha mgonjwa. "Nimeegesha kando kabla haujafika kwenye nyekundu. Watoto wote ndani. Geti la shule linakaribia kufungwa."

"Uko wapi?"

"Karibu na kituo cha mafuta, kabla ya daraja."

"Zima injini. Nakuja."

Alichukua mfuko wa vifaa na pikipiki ya kukodi. Njiani hakuwaza hitilafu iko wapi. Alikuwa anajua.

Aliwakuta watoto wamebana nyuso kwenye vioo. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono kifuani, akiitazama barabara kama mtu anayetazamia kumwona mwenye shule akipita.

"Anti," msichana mmoja aliuliza dirishani, "gari linapika chai?"

"Linapika. Kaa chini usubiri kikombe chako."

Taratibu alifungua boneti. Waya mweusi ulikuwa umelegea kwa mtikisiko, na plastiki yake ilikuwa imelainika kwa moto. Kitaa kilikuwa na waya wake mwingine chini ya dashibodi, ndiyo maana kiliendelea kuwaka. Feni huku haikupata hata tone la umeme. Aliifungua bolti. Akatoa bisibisi bapa. Kisha akasimama.

Shemeji akaja kando yake. "Kuna nini?"

"Nilitakiwa kukwangua rangi hapa. Ijumaa sikukwangua."

Shemeji aliangalia pale kidole cha Taratibu kilipokuwa. Hakuuliza kwa nini.

"Kwangua, shemeji," alisema. "Rangi haipozi injini."

Akakwangua. Rangi ilitoka kwa vipande vidogo vyekundu, chini yake tabaka la kijivu, kisha chuma. Alisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, akaweka kichwa kipya cha chuma kwenye ncha ya waya, akakaza, akapaka grisi juu yake ili kutu isiingie. Gari lilipowashwa feni ilivuma kwa sauti nyingine kabisa, nzito, ya kitu kilichoshiba. Mshale ukasita, ukarudi chini. Watoto wakapiga makofi.

"Nenda," alisema. "Geti."

Aliketi kwenye ukingo wa barabara. Magari yalimpita yakimtimulia vumbi. Alikuwa hapo bado gari jekundu liliporudi upande wa pili, likageuka, likasimama mbele yake, tupu.

"Mlinzi alikuwa ameshashika komeo," shemeji alisema kupitia dirishani. "Kaniangalia, kaangalia watoto, kalifungua. Mwenye shule hajafika. Panda nikupeleke."

Alipanda. Mshale ulikuwa umetulia chini ya katikati. Shemeji aliendesha mpaka darajani.

"Nisamehe ile rangi," Taratibu alisema. "Nitaitafutia ya kufanana nayo."

Shemeji alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajapata nafasi ya kucheka kwa muda. "Wewe na macho yako yote. Hujaona nyuma?"

"Nyuma wapi?"

"Kona ya bampa. Nililigongesha kwenye nguzo mwezi uliopita. Nimepaka rangi ya kucha."

Taratibu aligeuka kutazama nyuma, ingawa kutoka ndani hakuna kilichoonekana. Akarudi kukaa sawa, akaegemeza kichwa kwenye kiti.

"Rangi ya kucha," alisema.

"Chupa nzima. Kaka yako angenifukuza nyumbani."

"Angekufukuza," alikubali, na kabla hawajafika karakana alikuwa amelala, feni ikivuma mbele yake.