Tuliposubiri Kitabu cha Pili

Wanaosema kitabu cha watoto hakiwezi kumdhuru mtu hawakukaa Samuye miaka ile ya hamsini. Mimi nilikaa. Mpaka leo mjukuu wangu akiacha kitabu wazi penye picha ya bibi kizee, namwambia akifunge kwanza ndipo nipite. Yeye hucheka. Acha acheke.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Siku moja alirudi kutoka Shinyanga mjini na kijitabu chembamba, cha kwanza katika mfululizo wa vinne. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kubuni. Binti anayechunga mbuzi anamkuta bibi kizee amekaa peke yake penye majabali, macho mekundu, kiko mdomoni. Bibi anagonga mwamba, mwamba unafunguka kama mlango, binti anaingia, mwamba unajifunga. Hapo kitabu kinakwisha, na chini wameandika kwamba yaliyobaki yatafuata katika cha pili.

Nilikisoma uani kwetu mchana, tukiwa wanawake kadhaa tunachambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, huku. Nasoma kwa Kiswahili, nageuza kwa Kisukuma. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa nasi, kiko mdomoni, macho mekundu. Na nani kwetu hakuwa na macho mekundu? Miti ilikuwa imekwisha, tulipikia samadi kavu na mabua ya pamba, na moshi ule hauna huruma. Yeye alikuwa ameukalia umri wake wote. Nilipofika penye kiko, mikono ya wenzangu ikaacha kuchambua.

Masika yaliyotangulia, binti wa jirani yetu alikwenda majabalini kutafuta kuni na hakurudi. Yowe lilipigwa, wanaume wakatafuta mpaka miguu ikavimba, wakaokota kamba yake ya kufungia kuni tu. Mimi nilisema fisi, na nasema fisi mpaka kesho. Wengi walisema amechukuliwa, kwamba yuko mahali analimishwa shamba la mchawi usiku na mchana, na mama yake hupita karibu naye asimwone.

Kijitabu kikazunguka. Watoto walikipenda kupita kiasi, wakawa wanagonga kila jiwe na kuliamuru lifunguke. Katekista alitaka kichomwe moto, eti ni mambo ya shetani. Karani wa mizani ya pamba, mtu wa Tabora, alicheka mpaka akapaliwa, akaniomba nimwazime akisome tena, kwa sababu tangu aje huku hajapata kitu kitamu kama hicho. Wanawake niliochambua nao pamba hawakusema kitu. Hao ndio walionitia hofu.

Kisha akaja baba wa yule binti. Alitusalimu vizuri kwa Kisukuma, mwadila, akaketi, akaomba aione picha. Hakujua kusoma. Alikishika kijitabu karibu na uso, akakaa nacho muda mrefu.

"Aliyeandika anakaa wapi?" akamwuliza mume wangu.

"Mbali, baba. Huko pwani."

"Amewahi kufika huku?"

"Hata siku moja."

"Na mama yako, huyo mwandishi anamjua?"

"Atamjulia wapi? Hamjui mtu yeyote wa Samuye."

Mume wangu alijibu huku anatabasamu, akidhani kesi imekwisha. Mimi nilijua ndiyo kwanza imeanza. Yeye alilelewa bweni la misheni tangu mdogo, ya nyumbani kwao aliyajua kwa kusikia. Mimi nimekulia kwa watu wanaokwenda kwa mfumu, yule mganga anayepasua kifaranga na kusoma alama zilizo ndani yake. Ukipatwa na msiba huendi kwa mfumu wa kijijini kwako, maana anawajua wote, na huenda ana chuki zake. Unakwenda mbali, kwa asiyekujua hata jina. Mgeni huyo akikuelezea mwanamke mzee, macho yake hivi, anakaa hivi, basi unamwamini, kwa sababu hana wa kumsingizia. Halafu unakwenda mara ya pili kuhakikisha. Baada ya mara ya pili ndipo watu hushika mapanga.

"Basi tutasubiri cha pili," alisema yule baba, akanirudishia kijitabu kwa mikono miwili.

Kuanzia hapo hatukuishi. Majirani waliokuwa wakija kila asubuhi kuomba kaa la moto wakaacha kuja. Mama mkwe akipita kisimani, wanawake wanatua ndoo na kungoja apite. Mume wangu alikwenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akaambiwa arudi kukiwa na jambo lililotendeka. Alirudi amefura, akataka kukitia kijitabu motoni. Nikakinyakua. Nilimwambia kwa ukali ambao sikuwahi kumtolea, "Ukikichoma watasema tumeficha. Utakuwa umemzika mama yako kwa mkono wako."

Mama mkwe wangu hakuwa mjinga. Tukiwa tunatwanga, akaniuliza, "Hicho cha pili kinakuja lini?"

"Sijui, mayu," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mama.

"Mimi sitakisubiri."

Alikuwa na kaka yake huko Masumbwe, mbele ya Kahama. Tulimpandisha lori la pamba la kwenda Kahama mchana kweupe, ili asije mtu akasema ametoroka. Watu walisimama mashambani mwao wakituangalia. Hakuna aliyepunga mkono. Nilitaka kumpandishia kifurushi chake, akakichukua mwenyewe.

Cha pili kilifika mjini mavuno yakikaribia kwisha, mume wangu akaenda kukileta. Alitaka tukisome kwanza wenyewe ndani, tujue la kufanya. Hatukuwahi. Habari zilimtangulia njiani, na alipofika uani baba wa binti alikuwa ameshaketi, na watu nyuma yake. Nikasoma nimesimama.

Mwamba ulifunguka. Binti alikuwa humo, mzima, amekula na kushiba. Yule bibi kizee alimficha kwa sababu kulikuwa na mnyama mkubwa anazurura uwandani, akimwinda. Alikuwa mlinzi wake. Mchawi hakuwemo kabisa.

Nilipogeuza maneno hayo kwa Kisukuma, wanawake wakapiga vigelegele. Mume wangu aliketi chini kama mtu aliyekatwa miguu. Mimi nililia, na sikuona haya. Nilijua mama yetu amepona.

Baba wa binti naye alikuwa analia. Alinijia, akanishika mikono yote miwili pamoja na kitabu.

"Yu hai," akasema. "Nilimdhania mama yenu vibaya, anisamehe. Mwambieni sina neno naye tena. Mnyama amekwisha kuondoka, mwambieni amtoe sasa."

Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama. Siku zilizofuata yule baba alinunua kanga mpya, mama wa binti akaifua na kuikunja, wakatuletea tuipeleke, binti asije akatoka kwa watu na nguo iliyochakaa.

Tulikwenda Masumbwe. Mama mkwe wangu alitupikia, akangoja tumalize kula, ndipo akasikiliza yote. Aliipokea kanga, akaiweka magotini, akaipapasa.

"Mnasema hana hasira tena?" akauliza.

"Hana, mayu. Anafurahi."

"Angekuwa na hasira ningerudi nikamwomba," alisema. "Huyu anafurahi. Nitampa nini?"