Ukuta Uliolia kama Debe

Jina lake lote ni Fundi Gongagonga, mwana wa Randa, mjukuu wa Msumeno. Msumeno ndiye aliyeezeka soko la zamani, na paa lile lilikaa mpaka soko lenyewe likabomolewa. Randa alitengeneza milango ya shule tatu, na hakuna hata mmoja uliowahi kukwama watoto wakiwa ndani. Gongagonga yeye alishika jikoni: makabati ya watu wa maghorofani, miaka thelathini na minne.

Jina alipewa kwa sababu hatundiki kitu kabla ya kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Ukuta mzima hujibu kwa sauti nzito, fupi. Ulio wazi ndani hulia kama debe, na msumari haushiki humo. "Ukuta hausemi uongo," alizoea kutamba. "Waongo ni wenye nyumba."

Asubuhi hiyo alikuwa jikoni kwa binti yake, nesi, ghorofa ya nne.

Jikoni palikuwa pameng'olewa kila kitu. Sakafuni binti alikuwa amepanga sampuli: mawe ya kaunta, jeusi, la kijivu na moja lenye chenga za kumetameta, kando yake milango miwili ya kabati, mmoja mweupe, mmoja wa rangi ya mbao.

"Baba, nimeamua. Kaunta jiwe jeusi. Makabati meupe, ya chini na ya juu, mpaka darini. Ya juu yakae upande huu."

Upande huo ndipo kilipokuwa kiti kirefu cha mjukuu, msichana wa mwaka mmoja, mashavu yamejaa uji.

"Meupe yanashika uchafu," fundi akasema.

"Nitafuta."

"Na hayo ya juu yamepitwa na wakati. Watu siku hizi wanaweka ya chini tu."

Binti akaangua kicheko. "Mwaka jana ulimwambia mama mkwe wangu kwamba jikoni bila makabati ya juu ni kama uso usio na nyusi! Mzee, sema tu umechoka."

Hakuwa amechoka. Aliogopa. Tangu mwaka juzi masikio yalikuwa yanamwacha, kidogo kidogo. Walianza kupotea ndege wa alfajiri, ikafuata filimbi ya birika. Watu akawa anawasikia nusu kwa sikio, nusu kwa kuwatazama midomo. Mwishowe kuta zote zikawa na jibu moja. Hakumwambia mtu. Gongagonga asiyesikia ni nani tena? Akaendelea kugonga kwa mazoea, akitikisa kichwa kama anayeelewa, na kutundika.

Na alikuwa anajua anachokiogopa. Alipokuwa bado anajifunza kazi kwa baba yake, aliona kabati lililojaa vyombo likichomoka ukutani. Likaangukia kigoda ambacho mtoto wa nyumba hiyo alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kutoka juu yake. Kigoda kilisagika.

"Haya, gonga basi tupime," binti akasema.

Akagonga. Akasogea, akagonga juu kidogo ya kichwa cha mjukuu, akatega sikio la kulia, akatega la kushoto. Moyo ndio uliokuwa unapiga kelele; ukuta haukumwambia kitu.

"Mzima," akasema. "Mzima kabisa."

Binti akaacha kijiko hewani. "Baba, acha utani."

"Utani gani?"

"Huo ukuta unalia kama debe! Ulinifundisha mwenyewe, hata meno ya mbele sijamaliza kuota."

Binti akapita nyuma yake. Mara fundi akamwona mjukuu akiinua uso ghafla, akatazama nyuma ya babu, akacheka. Binti alikuwa ameita huko nyuma. Yeye hakusikia.

Binti akarudi mbele yake, taratibu. Kicheko kilikuwa kimemwishia.

"Tangu lini, baba?"

"Mwaka juzi."

"Na umetundika nyumba ngapi?"

"Tisa."

Binti akamtoa mtoto kitini, akamkumbatia kwa nguvu, ingawa juu yao hapakuwa na kitu.

"Basi huku tuweke ya chini peke yake, na jiwe juu," akasema. "Yale ya..."

"Mawe yatangoja." Fundi akaushika mkono wake, akamkunja kidole. "Kwa kifundo hapa, siyo kwa ncha. Wewe una masikio yangu ya zamani. Anzia kwa mama cherehani, jengo la kona, ghorofa ya pili. Juu ya jiko nilimtundikia makabati matatu. Gonga pembeni mwa kila moja. Ukuta ukilia kama debe, watoe vyombo, wafunge mlango wa jikoni, asiingie mtu mpaka nije kuyashusha. Waambie kosa ni langu."

"Leo, baba? Nina zamu mchana."

"Sasa hivi, mwanangu. Ana mapacha, na huu ndio muda wao wa kula. Huyu niachie mimi."