Chuo Kikuu Kimeingiwa na Viwavi

Mkuu wa shule alinipa chai kwanza. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia kwamba niliondolewa kidato cha sita, hufikiri kulikuwa na kelele, fimbo, pengine mawe. Hakukuwa na kelele yoyote. Aliniita ofisini, akanimiminia chai kutoka kwa thamosi yake mwenyewe, akasukuma sahani ya mandazi upande wangu, nami nikadhani nafanywa kiranja. Nilikuwa nimeshaanza andazi la pili ndipo akasema, kwa upole kabisa, kwamba alama zangu za hisabati zilikuwa zinamkosesha usingizi, na kwamba labda ningefanya vizuri mahali pengine.

"Mahali gani, sir?" nikamuuliza.

Akageuka akaitazama ramani ya nchi ukutani. Sidhani alikuwa anaigiza. "Hapo, kijana," akasema, "hata mimi nimekwama."

Sina kinyongo naye. Alama zile nilikuwa nimeziona kwa macho yangu. Kama mimi ndiye ningekuwa mkuu wa shule ningejifukuza pia, ila sidhani ningejipa mandazi.

Taabu ilikuwa moja. Nilipanga kupumzika kidogo nyumbani, kisha nitafute shule nyingine inipokee kidato cha sita. Lakini sisi ndio tulikuwa wa mwisho nchini. Mfumo mpya wa elimu ulikuwa unakuja nyuma yetu ukifunga milango, na mwaka uliofuata hapakuwa tena na kidato cha sita popote. Mtu akifukuzwa nyumbani anaweza kukaa nje ya ua mpaka hasira zipoe. Mimi nilipogeuka kutazama, nyumba yenyewe ilikuwa imebomolewa.

Nami nilitaka chuo kikuu. Sijui kama nilikipenda au nilikitaka kwa sababu ya ile chai. Mama alikitaka kuliko mimi. Alikuwa ameshawaambia akina mama wa kanisa kwamba mtoto wake ataenda, na Mama si mtu wa kurudi kanisani kusema alikosea.

Basi nikawa nachuma chai yetu pale nyumbani, karibu na Sosiot, na jioni naipeleka kituoni kupimwa. Kituo cha chai ni mahali ambapo watu wanangoja lori bila kazi, kwa hivyo kila mtu ana ushauri. Mmoja alisema nivuke niende Uganda, huko fomu siksi bado iko. Hilo lilihitaji karo, na sisi tulihitaji paa. Mwingine, ambaye binamu yake alikuwa Amerika, akaniangalia miguu akasema, "Wewe kimbia tu. Wazungu wanachukua watu wa huku wakiwa wanakimbia, wanawapa chuo bure."

Nilijaribu, sitadanganya. Nilikimbia asubuhi kadhaa kwenye barabara ya katikati ya chai. Siku moja mama mmoja mwenye kikapu kilichojaa majani mgongoni akanipita, akanisalimia, akauliza hali ya mama yangu, kisha akapunguza mwendo ili nipate pumzi ya kumjibu. Shajara yangu ya wakati huo inasema: "Leo nimekimbia. Sina hakika kama ni kukimbia."

Aliyenionyesha njia ni mwalimu wa kilimo wa shule ya kutwa ya karibu, kijana wa kutoka upande wa Chepilat, aliyenizidi umri kidogo tu. Aliniambia naweza kufanya mtihani mpya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje, na nikipata alama za kutosha nitaitwa chuo kikuu kama wengine. Lakini kilimo kina projekti. Kila mtahiniwa lazima apande zao lake, kuanzia kitaluni mpaka mavuno, na mwalimu anakuja kutoa alama kila hatua.

"Na nisipofanya projekti?"

"Matokeo yako yote hayatoki."

Shamba la shule lilikuwa limegawanywa likaisha, kwa hivyo akaniruhusu nipande nyumbani. Mama akanipa kipande kizuri kati ya chai na majani marefu ya kulisha ng'ombe. Nikapanda kabichi, nikasimamisha kibao chenye nambari yangu ya mtihani.

Watu walipita kuona kibao. Haikuchukua muda, kile kipande kikapata jina. Pale kituoni karani wa kupima chai alikuwa ananiuliza mbele ya watu wote, "Sasa, chuo kikuu kinaendeleaje?"

"Kimeingiwa na viwavi."

"Piga dawa haraka, kisije kikafungwa kama vile vingine!"

Miaka hiyo vyuo vikuu vilikuwa vinafungwa kila wanafunzi wakigoma, kwa hivyo watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kupiga dawa.

Kabichi zikakubali. Zikafunga vichwa vizito, vigumu, hata mimi mwenye shaka na kila ninachofanya nilikuwa nazitembelea asubuhi na jioni. Alhamisi moja mwalimu alikuja, akazibonyeza kwa kidole, akasema, "Hizi ziko tayari." Ikabaki hatua ya mwisho. Angerudi Jumatatu na mizani, tuvune mbele yake, apime, aandike.

Jumamosi nilipeleka chai kituoni. Mvua ilikuwa imenyesha na lori lilikwama kwenye matope huko chini, tukangoja mpaka jua likaanza kuinama. Nikirudi nyumbani nikakutana na jirani yetu mmoja njiani, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, amekumbatia kabichi kama mtoto mchanga.

"Tumekuombea, kijana! Tumelia hasa!"

"Kongoi, mama," nikamshukuru. Nikaangalia kabichi yake. Nikafikiri, kumbe kuna mtu mwingine analima vizuri pande hizi.

Wa pili alikuwa na yake mgongoni, imefungwa kwa leso. "Utapita!" akasema. "Mimi nimeshaona kwa roho!" Nikasema amina.

Kabichi ya mama wa tatu ilikuwa na tundu la kiwavi kwenye jani la juu, na tundu hilo nilikuwa nalijua.

Mwenyekiti wa akina mama alikuja nyuma ya wote, mkubwa wa mwili na wa sauti, kabichi moja kila kwapa. Hakuweza kunipa mkono, akanisalimia kwa kiwiko. "Chuo kikuu umeshaingia!" akasema. Chuo kikuu alikuwa amekibeba yeye.

Mama nilimkuta anaosha vikombe, uso umejaa furaha.

"Mama, kabichi ziko wapi?"

"Wageni wameenda nazo."

"Mama, zile zilikuwa mtihani!"

"Mtihani si bado? Umeniambia mwenyewe."

"Kabichi ndizo mtihani!"

"Kabichi ni mboga," akasema Mama. "Watu wametoka mbali na matope haya, wamepiga magoti kwa ajili yako, wengine wana magoti mabaya. Waende mikono mitupu? Ningewapa nini, majani chai?"

"Mwalimu anakuja Jumatatu kuzipima."

"Mwalimu amekuja Alhamisi, akasema ziko tayari. Nimemsikia kwa haya masikio. Kabichi ikiwa tayari inangoja nani?"

Lazima nimtendee haki. Mwalimu alisema hivyo hivyo, na Mama alikuwa amesimama pale na ndoo ya maziwa. Hakuna mtu aliyemweleza zaidi. Mimi nilikuwa nimemweleza karani wa chai, nimemweleza hata yule wa binamu wa Amerika, lakini Mama nilidhani anajua.

"Na nimekuachia," akasema, akanipeleka kuona. Alikuwa ameniachia mbili, kila moja kama ngumi, na kibao.

Nikasema tuzunguke tuombe watu wazirudishe. Mama akaniangalia kama niliyesema twende tukaibe sadaka. "Umwambie mtu aliyekuombea, nipe kabichi yangu? Na yale maombi, utamrudishia?"

Sikwenda. Lakini Jumapili nje ya kanisa mwenyekiti akanishika bega. "Haya, chuo kikuu kinaendeleaje?"

"Kimeliwa, mama."

Akacheka sana, kisha akaacha kucheka. "Kimeliwa na nani?"

Nikaangalia chini. Nadhani ningemdanganya ningemsaidia zaidi.

Jumatatu nilipoamka, kipande kilikuwa kimejaa. Juu ya kila kisiki palikuwa na kabichi. Akina mama walikuwa wamekuja mapema wakazipanga, na Mama alikuwa amesimama kando amekunja mikono. "Unaona?" akasema. "Mungu anajibu."

Lakini hazikuwa zangu. Zangu nyingi zilikuwa zimeshapikwa. Hapa palikuwa na za kichwa cha mviringo na za kichwa chenye ncha, moja ya rangi ya zambarau ambayo sijui mpaka leo ilitoka wapi, labda sokoni Chepseon. Na kwenye pembe, mtu ambaye hakuwa na kabichi alikuwa ameweka boga.

Sikupata nafasi ya kuziondoa. Mwalimu alifika kwa baiskeli, mizani imening'inia kwenye usukani. Akasimama. Akainama, akashika kabichi ya kwanza, ikatoka kwenye kisiki kama kofia. Akaangalia kisiki, akaniangalia mimi.

Mama akakohoa nyuma yangu. Nilielewa kikohozi kile. Kilikuwa kinaniambia ninyamaze. Nikafikiri juu ya chuo kikuu, nikafikiri juu ya boga, nikaona haiwezekani.

"Mwalimu," nikasema, "hizi si zangu." Nikamwambia yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na boga?"

"La boga silijui, Mwalimu."

Hapo majani ya ng'ombe yakatikisika, na mwenyekiti akatoka na wenzake. Walikuwa wamejificha wakingoja kuona maombi yao yanapimwa kilo ngapi. "Mwalimu, usimwonee," akasema. "Zake nimezibeba mimi. Nimepumzika njia nzima, na mimi si mtu wa kupumzika."

"Yangu watoto wamekula jana na juzi," akasema mwingine, "na bado iko."

Mwalimu akajipangusa uso kwa kiganja. Akasema, kwa heshima, kwamba hawezi kuweka ushahidi kwenye mizani. Akapima zile mbili za ngumi, akaandika. Kisha akasema kwamba alama za hatua za mwanzo zipo, nazo hazitafutwa, na kwamba kuna alama kidogo za kuvuna kwa wakati. "Hizo," akasema akimwangalia Mama, "siwezi kumnyima."

Kwa hivyo matokeo yalitoka. Kilimo, hata na kabichi zimeliwa, ndicho kilikuwa somo langu bora. Hisabati ilikuwa pale pale mkuu wa shule alipoiacha. Kwa jumla sikufikia alama za kuitwa chuo kikuu.

Akina mama walikuja kuomba msamaha. Wakakaa kwenye benchi wamebanana, hawakutaka hata chai.

"Tumekula masomo yako," akasema mwenyekiti.

"Hapana, mama. Ni hisabati."

"Usitufiche."

"Ni hisabati, kweli! Ninaweza kuwaonyesha!"

"Ana adabu huyu kijana," mmoja akanong'ona, akipangusa macho.

Hawakuamini siku hiyo na sidhani waliamini baadaye. Nilipoamua kurudia mtihani, na projekti upya, walitaka kulima wenyewe. Nikakataa, hiyo ingekuwa udanganyifu. Basi wakachukua chai yangu. Walizunguka kwa zamu kuichuma na kuipeleka kituoni, na mimi nikaachiwa kabichi na hisabati. Nilikaa na hisabati mchana kutwa mwaka mzima, kitu ambacho sikuwahi kufanya hata nilipokuwa nalishwa na shule. Maombi walifanyia nyumba nyingine. Jumatatu ya mizani walisimama nje ya ua wote, mikono nyuma, ili mtu asije akasema wamegusa kabichi.

Alama za mara hii zilitosha, kwa kubanabana. Kukabaki kungoja barua, na siku hizo barua za chuo kikuu zilichukua muda wake.

Ndipo Mama akapanda kabichi zake mwenyewe kwenye kile kipande. Hakuna mtihani uliokuwa umebaki, nilimwambia. Kibao nilikuwa nimeking'oa. Zikafunga vichwa, zikawa tayari, lakini akakataa kuzikata.

"Mama, zitaoza."

"Nilikata mapema ile mara nyingine," akasema.

Mvua ikaja, zikaanza kupasuka. Wageni wakaja. Mchungaji mwenyewe akaja, akaketi akielekea dirisha, akazitazama, akanywa chai, akaenda. Mama alimsindikiza mpaka barabarani mikono mitupu. Kwa jinsi alivyorudi akiangalia chini, sijaona kitu kilichomgharimu zaidi ya hicho. Nilitaka kumwambia kwamba kabichi na barua havijuani. Sikuwa na hakika ya kutosha.

Barua ilipofika niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa jikoni. Mama hakuuliza nitasoma nini, wala ni chuo gani.

"Ni wao wenyewe wamesema uende?"

"Ndio, Mama. Wao wenyewe."

"Hawatakuita tena wakupe chai?"

"Sidhani, Mama."

Alikuwa ameshachomoa kisu kwenye ukuta na kutoka nje, akipiga kelele juu ya ua kwamba jirani aje na kikapu, na amwite mwenyekiti, na mwenyekiti aje na watu.