Nishikie Kidogo, Nikachote Maji

Sitakuapia. Niliapa mbele ya mume wangu, mbele ya shehe na mbele ya daktari, na wote watatu walinitazama kwa jicho lile lile. Nakuambia tu kwamba yalinikuta mimi, hapahapa Kariakoo, maghrib, mtaa bado umejaa watu na makuli wanasukuma mikokoteni. Sikuwa nimelala. Sikuwa na homa. Huzuni nilikuwa nayo, hilo sikatai.

Mimi ni fundi wa mapazia. Cherehani yangu iko barazani, ubavuni mwa duka la sufuria la Mzee Shirima, Mchaga wa Rombo. Mwaka juzi nilijifungua mtoto wa kike, tukamwita Rahma. Aliishi siku kumi na moja. Homa ilimpanda alfajiri, na alasiri tukawa tunarudi kutoka makaburini. Nikakaa ndani siku arobaini. Niliporudi kazini, watu walikuwa wameacha kuniita Mama Rahma, wamerudia kuniita Fundi. Walinionea huruma, najua. Lakini unajua inavyouma, mtu akikufutia jina kwa huruma?

Mzee Shirima ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi chao. Huyu mzee anauza sufuria kwa jumla, lakini moyo wake uko kwa ndege na wadudu. Yeye na wenzake kama ishirini hivi wana grupu la WhatsApp, na kila anayeona kiumbe humu mjini anatuma picha. Kipanga ametua juu ya mnara wa simu. Kenge yuko kwenye mfereji kule Ilala. Popo wananing'inia Mnazi Mmoja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakutana na kutembea pamoja, shingo zimepinda juu, wapita njia wanawacheka.

"Shikamoo mzee," nilimwambia siku aliyonialika. "Sasa mimi ndege nitamjulia wapi?"

"Marahaba. Si lazima umjue. Wewe tazama juu tu, mwanangu. Siku hizi unatazama chini mno."

Nikaenda. Na niamini, ilinisaidia. Kwa miezi mitatu nilikuwa nazihesabu wiki kwa kungoja ile Jumamosi.

Mwezi wa nne mtu mmoja akatuma sauti kwenye grupu. Aliirekodi nje ya nyumba ya zamani mtaa wa tatu kutoka kwetu, ile ya udongo na mabati ambayo wenyewe walishaiuza na ilikuwa ibomolewe Jumatatu kupisha ghorofa. Nikaifungua nikiwa kwenye cherehani. Alikuwa mtoto mchanga analia. Sindano ikanipita kidoleni nisisikie.

Mzee Shirima alitoka dukani mbio. "Ni komba, mwanangu! Komba, yule mnyama mdogo wa usiku. Analia hivyo hivyo kama mtoto. Usiisikilize tena."

Walikubaliana kwenda Jumamosi jioni kuwakamata wale komba kabla nyumba haijaangushwa, wakawaachie kwenye msitu wa Pugu. Mzee hakutaka niende. Nikamwambia kama ni mnyama tu, kuna nini cha kuogopa? Akaniachia niende.

Tulikuwa watu saba. Ile nyumba ilikuwa ya Kiswahili hasa, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, nyuma uani pana mwarobaini mkubwa. Mabati ya mbele yalikuwa yameshaezuliwa na sakafuni kulitapakaa vigae na vipande vya udongo. Ukikanyaga vinalia kama unatafuna karanga. Mzee alikuja na mbege, pombe ya ndizi ya kwao, kwenye chupa na bakuli la kuitilia, kwa sababu komba na pombe hawaachani. Wote wakapita uani na tochi. Mimi nikaambiwa nibaki kwenye korido na sanduku lenye matundu.

Adhana ya maghrib ikaisha. Ndipo nikamsikia analia.

Hakuwa uani. Alikuwa chumba cha mwisho mkono wa kulia, hatua kumi kutoka niliposimama. Nilijiambia ni komba. Nilijiambia mara mbili. Miguu yangu ikaenda.

Chumbani alikuwemo mwanamke amekaa chini, mgongo ukutani, amejifunga kanga, na nyingine amemviringishia mtoto. Mtu mzima wa kawaida kabisa. Ungekutana naye sokoni usingemtazama mara ya pili.

"Karibu, Mama Rahma," akasema.

Jina hilo sikuwa nimelisikia kwa miezi minne. Sikumuuliza kalijuaje. Ungeuliza wewe? Nilihisi kama mtu aliyekuwa amefungiwa nje na mlango umefunguliwa.

"Nishikie kidogo, nikachote maji. Ila usimfunue uso."

Bomba la nyumba ile lilishakatwa. Nililiona kwa macho yangu tulipoingia. Hata hivyo nikanyoosha mikono nikampokea. Yule mwanamke akainuka akapita mbele yangu kwenda mlangoni, akakanyaga vigae vyote vile, na hakikulia hata kimoja.

Hapo ndipo ningepaswa kukimbia. Watu wote huniambia hivyo. Lakini mtoto alikuwa wa moto mikononi, mzito kwa uzito ninaoujua, ananuka poda na maziwa. Akahangaika na kifua changu, na maziwa yangu, yaliyokauka tangu siku ya mazishi, yakashuka kwa kishindo hadi nikapiga ukelele. Nikakaa chini. Nikamnyonyesha. Ee Mola, nilimnyonyesha, na sijawahi kupata raha ile kabla wala baada.

Kisha nikataka kujua anafanana na nani.

Nikafunua kanga kidogo. Alikuwa Rahma. Lakini si Rahma aliyezaliwa. Alikuwa Rahma kama nilivyomwona mara ya mwisho, macho yamefumbwa, pamba puani. Na alikuwa ananyonya.

Sikumtupa. Nataka unielewe vizuri hapa. Nilimfunika uso, nikamkaza kifuani, nikaanza kumbembeleza.

Tochi ikanipiga machoni. "Yule mama aliyetoka hapa ni nani?" Mzee Shirima aliuliza, halafu akaona nilichoshika, akanyoosha mikono. "Mwanangu, nipe."

"Ananyonya. Mwache ashibe."

"Nipe, kwa jina la Yesu!"

"Nimeshampa udongo mara moja! Simtoi tena!"

Akamshika. Tukang'ang'aniana, mimi na mzee wa umri wa baba yangu, tukigaragara kwenye vigae. Nikamng'ata mkono mpaka damu. Alinizidi nguvu. Mtoto alipotoka mikononi mwangu alilia mara moja tu, na kanga ikanywea mikononi mwa mzee, ikawa tupu.

Wenzetu wakaja kutoka uani na komba wawili, wamelewa mbege, wametulia. Walisema jioni ile hawakusikia kilio chochote, si cha komba wala cha mtoto. Walisikia mimi tu.

Mzee alinificha alichokiona kwa wiki kadhaa. Nilipomlilia sana akaniambia, "Ulikuwa umekumbatia kanga tupu, mwanangu. Lakini ilikuwa inahema." Ana kovu la meno yangu mpaka leo na hajawahi kunilaumu. Ameniondoa kwenye grupu, akasema ni kwa usalama wangu.

Nyumba ilibomolewa Jumatatu ile ile. Sasa ni nguzo za zege, na mabati yamezungushwa. Maziwa yangu hayajakatika. Kila maghrib yanashuka, nguo zinalowa, iwe dukani, iwe msikitini. Kliniki walinipa vidonge, shehe akanisomea mara tatu. Mume wangu alivumilia yote hayo. Kilichomshinda ni kunikuta nimesimama kwenye yale mabati usiku baada ya usiku, nimetega sikio. Alinisihi tuhamie kwao Masasi. "Mke wangu, Rahma alishakufa, tulimzika wote," akasema. Nikamjibu kwamba aliondoka na njaa. Mume wangu akaondoka peke yake mwezi wa saba.

Mzee Shirima ananiambia nikisimulie kisa hiki kwa watu ili wajihadhari, nami namtii. Basi jihadhari. Ukiwa na msiba mbichi, usiingie nyumba iliyohamwa. Ukiingia, usipokee mtoto kwa mtu usiyemjua, hata akikuita kwa jina ulilolikosa. Ukimpokea, usimfunue.

Hayo ni ya mzee. Yangu mimi ni haya. Nyumba za zamani bado zipo, Kariakoo na Ilala, kila wiki wanaangusha moja. Ukipita maghrib ukasikia kichanga kinalia mahali pasipo na watu, usiingie. Ulizia fundi wa mapazia wa baraza ya sufuria, kila mtu ananijua. Niite mimi. Nakuomba, hata kama ni usiku wa manane, hata kama ni komba, njoo uniite.